Saa ya kuzaliwa si ya kuvunjia posa

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Nina neno na wazazi, washenga na vijana walio kwenye uchumba, na nina ombi kwako wewe mwenyewe, kwa sababu ukurasa wa nyota wa gazeti lako ndio unaogombewa kwanza hapa nyumbani kwangu, kabla hata ya michezo.

Mimi ni mkunga mstaafu wa hapa Tanga. Huku Ngamiani sipiti mtaa nisikutane na mtu mzima niliyempokea mimi akiwa bado hajafumbua macho. Zamani walikuwa wakinisimamisha njiani kunisalimu tu. Siku hizi vijana wananijia na swali ambalo mama zao hawakuwahi kuniuliza: "Shikamoo bibi. Hivi mimi nilizaliwa saa ngapi?" Nikiwauliza ya nini, wengi huzungukazunguka, mwisho wanasema. Kuna programu kwenye simu inayotaka tarehe, mji na saa ya kuzaliwa, mpaka dakika, ya mvulana na ya msichana. Inachora maduara mawili, inapachika jua, mwezi, Zuhura, Mirihi na sayari nyingine kila moja mahali pake, inayalinganisha, kisha inatoa hukumu: mnafaana, au hamfaani.

Sina ugomvi na anayesoma nyota yake akafurahi na kuendelea na shughuli zake. Kilichonishikisha kalamu ni posa iliyovunjika. Binti wa mtaani kwetu alichumbiwa, barua ikajibiwa, kilemba cha baba na mkaja wa mama vikapokewa, mahari ikatolewa nusu. Wiki chache kabla ya ndoa likaja neno kutoka upande wa mume kwamba nyota hazipatani: binti ni moto, kijana ni maji, wakioana watoto hawatakaa. Mshenga wa watu aliketi ukumbini hajui aanzie wapi, chai ikampoea mkononi, na binti yuko nyuma ya pazia anasikia kila kitu. Hakuna aliyetaja kosa la tabia, wala la adabu, wala la ukoo. Kosa lilikuwa la saa.

Na hiyo saa ndiyo ninayoijua mimi.

Niwaeleze mtoto anavyozaliwa na saa yake inavyoandikwa. Kichwa kinatoka. Unapapasa shingoni kuona kama kitovu kimemzunguka. Unangoja uchungu unaofuata, bega la mbele linatoka, la nyuma linafuata, mwili wote unateleza na maji. Unamweka kifuani kwa mama, unamkausha kwa khanga, unamsugua mgongo mpaka alie. Ndani ya dakika ya kwanza mama anatakiwa awe ameshachomwa sindano ya oksitosini, yuniti 10, asije akavuja damu. Kitovu kinabanwa na kukatwa baada ya dakika moja hadi tatu. Dakika ya kwanza na ya tano unampa mtoto alama zake: rangi, mapigo ya moyo, kulia, kukaza viungo, kupumua. Kondo bado halijatoka, na kitanda cha pili kuna mwenzake anaita, "Nesi, anakuja!" Baada ya hayo ndipo mkono unapata nafasi ya kushika kalamu. Unainua macho kwenye saa ya ukutani, ambayo betri yake hujui ilibadilishwa lini, unarudi nyuma kwa kukisia, unaandika kwenye patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu.

Ndiyo maana ukifungua rejista ya kuzalishia utawakuta watoto chungu nzima wamezaliwa saa kamili, na robo, na nusu. Watoto hawazaliwi hivyo. Sisi ndio tunaoandika hivyo, na kwa kazi yetu inatosha, kwa sababu daktari anataka kujua kama uchungu ulipitiliza na kama damu imekata kwa wakati. Hakuna aliyetufundisha kuandika saa ya kumchagulia mtu mume.

Tena ipi ndiyo saa yenyewe? Kwetu ni pale mwili wote unapokuwa umetoka. Wenye nyota wengi wanasema ni pumzi ya kwanza. Wapo niliowasikia wakisema ni kukatwa kwa kitovu. Kwa mtoto aliyechelewa kulia, ambaye tumemminyia hewa kwa mfuko na barakoa, mambo hayo matatu yanapishana dakika nyingi.

Dakika si jambo dogo katika fani yao. Nguzo ya ramani yote ya yale maduara ni burji, yaani moja ya zile nyota 12 kama Simba na Kaa, inayochomoza mashariki mtu anapozaliwa, kwa kuwa ndiyo inayogawa anga kuwa nyumba 12, na nyumba ya 7 ndiyo wanayoiita ya ndoa. Anga inasogea karibu digrii moja kila dakika 4. Kwa muda wa saa mbili hivi burji nzima imepita. Mkunga akikosea nusu saa, ambayo wodini si kosa la kumwitia mtu kikao, nyumba ya ndoa imeshasogea digrii saba au nane.

Sasa sikieni la binti yule. Alinijia na simu yake, akanionyesha picha ya yale maduara kama alivyotumiwa na upande wa mume. Juu imeandikwa tarehe yake, katikati ya mwezi wa Agosti, na saa: 11:30. Nikamwambia, "Mwanangu, wewe ulizaliwa alfajiri." Mama yake anakumbuka vizuri, adhana ilikuwa imeshapita na kulikuwa hakujapambazuka, saa kumi na moja na nusu. Basi aliyejaza akaandika kumi na moja na nusu kama anavyoitamka, na simu, ambayo haihesabu kuanzia machweo na macheo kama sisi, ikaelewa saa tano na nusu asubuhi, jua kali. Saa sita zimeongezwa kwenye maisha ya mtu. Burji inayochomoza, iliyokuwa Simba, ikawa Nge. Nyumba ya ndoa ikahama kutoka Ndoo ikaenda Ng'ombe. Kurasa na kurasa za maelezo zilizofuata, kuhusu wivu wake na hasira zake na namna atakavyomtesa mumewe, zilikuwa za mtu mwingine ambaye hajazaliwa. Najiuliza ni vijana wangapi wa pwani hii na bara wanaolinganishwa kwa saa zilizopinduka namna hiyo, kwa sababu sote tunasoma saa kwa namna moja na simu zinasoma kwa namna nyingine.

Sikumshauri binti arudishe saa iliyo sahihi ili ahesabiwe upya. Ningefanya hivyo ningekuwa nimekubali kwamba hesabu hiyo ina haki ya kumhukumu.

Najua watakaonijibu. Watasema, saa iache, tarehe inatosha: mtu akijua tu kwamba ni Simba au Kaa, anajua wa kumwoa. Tarehe nayo, jamani? Nchi hii ina watu wazima tele waliozaliwa nyumbani, "mwaka wa mafuriko", "baada ya mavuno ya mahindi", waliokuja kupewa tarehe siku walipotaka cheti au kitambulisho, mara nyingi 1 Januari au 1 Julai. Wapo waliopunguziwa miaka ili waingie darasa la kwanza. Vyeti vyao ni halali na vinawafaa kwa pensheni na pasi ya kusafiria, lakini kumwambia mtu wa 1 Julai kwamba yeye ni Kaa, mpole wa maji, asiolewe na wa moto, ni kumjengea tabia juu ya kalamu ya karani.

Na hata pale tarehe zilipo za uhakika, jambo hili limeshapimwa. Mwaka 2007 mtafiti David Voas wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, alichukua takwimu za sensa ya 2001 ya England na Wales, wanandoa wapatao jozi milioni 10, akatazama kama watu wa burji fulani huoana na wa burji fulani kuliko inavyotokea kwa kubahatisha. Lingekuwapo hata jozi moja kati ya elfu inayovutwa na nyota, kwenye hesabu kubwa hivyo lingeonekana. Halikuonekana. Kilichojitokeza ni kaziada kadogo ka wanandoa wenye burji moja au zinazopakana, na alipokifuatilia akakuta kinaelezwa na ujazaji wa fomu: mtu mmoja anajaza kwa niaba ya wawili, anarudia mwezi wake mwenyewe. Nilipolisoma hilo nilijisikia niko wodini tena na rejista yangu.

Wanajimu wana jibu kwa utafiti huo: ule ulitazama jua tu, haukutazama ramani nzima. Nakubali. Basi tunaelewana. Jua peke yake limepimwa na halikuonyesha kitu, na ramani nzima inataka saa ambayo sisi tulioishika kwa mikono yetu tunasema haikuandikwa kwa kiwango hicho.

Wapo wengine, na hawa nawaheshimu zaidi, watakaosema kwamba wazee wetu wa pwani hawakuhitaji saa wala simu, walitumia majina. Naijua hesabu hiyo, nimekulia nyumba ambayo ilikuwa ikifanywa. Kila herufi ya Kiarabu ina namba yake, unajumlisha jina la mtu na la mama yake, unagawa kwa 12, kinachobaki ndiyo nyota. Chukua Ali bin Hawa. Ali ni 70 na 30 na 10, jumla 110. Hawa ni 8 na 6 na 1, jumla 15. Yote 125, toa kumi na mbili kumi na mbili, inabaki 5: Simba, moto. Lakini jina Hawa huishia na hamza, ile alama ndogo ya Kiarabu, na wapo wanaoihesabu kuwa 1. Ukiihesabu, jumla ni 126, inabaki 6: Mashuke, udongo. Hamza moja imemhamisha Ali kutoka kwenye moto, na mchumba wake wa maji, aliyekuwa mwiko jana, leo anafaa, kwa sababu udongo na maji wanasema hupatana. Mwalimu gani wa chuo ashikilie posa ya mtu kwa hamza?

Simdharau mtu wa falaki. Elimu ya anga ni yetu na imetufaa. Baba yangu alikuwa mvuvi, alijua bamvua na maji mafu kwa kutazama mwezi, na kila mkulima wa huku amewahi kusikia kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Marehemu Sheikh Yahya Hussein, mnajimu aliyefariki mwaka 2011, alikuwa na wasomaji na wasikilizaji Afrika Mashariki nzima, na ukisema jina lake mpaka leo watu wanajua unazungumzia nini. Ila baba yangu alipokosea bamvua, chombo kilikwama mchangani na sote tuliona, naye akajirekebisha. Mtu aliyevunja posa kwa nyota, ni nani atakayekuja kumwonyesha kwamba ndoa ile ingekaa? Haikufungwa. Hakuna wa kumuuliza.

Kuhusu dini, masheikh na mapadri wamesema na wanaendelea kusema. Mimi nabaki wodini.

Wodini nimewahi kupokea watoto wawili wa mama wawili tofauti, vitanda vinapakana, wakati mwenzangu anambana huyu kitovu mimi nambana yule. Mji mmoja, tarehe moja, dakika moja kwenye rejista. Kwa programu ile ni ramani moja. Mmoja ameolewa na ana watoto, nyumba yake ukiingia unasikia kicheko. Mwenzake ameachika, na sababu yake inajulikana mtaa mzima: mume alikuwa mlevi na mkono mwepesi. Ulevi ule ulikuwa ukionekana wakati wa uchumba. Waliuona. Hawakuuliza.

Jirani zetu Wahindu wana hesabu yao ambayo ni ya kale na ina utaratibu. Wanatazama mwezi ulikuwa kwenye kituo kipi kati ya vituo 27 siku ya kuzaliwa kila mmoja, wanalinganisha mambo manane, alama zote 36, na zikifika 18 ndipo wengi wanasema ndoa ifungwe. Hapo pana jambo la kutazamwa na wanaodhani anga ina lugha moja. Hesabu ya Kihindi na ya Kizungu zinapishana kama digrii 24. Binti yetu wa katikati ya Agosti, jua lake kwa Wazungu liko Simba, moto; kwa Wahindi liko Kaa, maji. Angekuwa amehesabiwa na mzee wa upande ule, moto uliovunja posa yake usingekuwapo.

Lakini kilichonigusa katika alama hizo 36 ni hiki. Jambo linalopewa alama nyingi kuliko yote, alama 8, ni lile wanaloliita nadi, na sababu wanayoitoa ni afya ya watoto watakaozaliwa. Yaani wazee wale walijiuliza swali la maana kabisa: je, damu za hawa wawili zikikutana, watoto watakaa? Ni neno lile lile alilokuja nalo mshenga wetu. Swali hilo ni halali, na mzazi anayelijali simlaumu hata kidogo. Jibu lake linapatikana maabara, kwa tone la damu.

Nazungumzia selimundu, siko seli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu duniani. Wataalamu wamekuwa wakitaja watoto wapatao 11,000 wanaozaliwa nao kila mwaka. Huku kwenye malaria ndiko vinasaba vyake vilikojaa, kwa sababu mwenye kinasaba kimoja malaria kali humpata kwa nadra. Huyo mwenye kimoja haumwi, analima, anacheza mpira, hajui. Akioana na mwenzake wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mwenye ugonjwa. Mtoto mwenyewe anazaliwa mzima, analia vizuri, mimi namwandikia alama zake nzuri. Kwenye miezi sita hivi vidole vya mikono na miguu vinavimba, analia usiku kucha, macho yanaingia manjano, damu inapungua. Nimewaona mama waliozika wawili, watatu, wakaambiwa nyota zao na za waume zao ndizo zinazokula watoto, wakatoa mbuzi, wakatoa fedha za kusafishiwa nyota, wakapewa talaka. Talaka, Mhariri. Mwanamke anaachwa kwa vinasaba ambavyo nusu yake vilitoka kwa mume.

Wachumba wa siku hizi wanapima Ukimwi, na nyumba nyingi za ibada zinawataka wapime, jambo jema sana. Siku hiyo hiyo, kwa damu ile ile, waombe na kipimo cha selimundu. Waombe na kundi la damu, wajue kama mke ni hasi na mume ni chanya, ili mimba ya kwanza isipite bila sindano yake ya kinga na kuleta matatizo kwenye ya pili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya nia ya kufunga ndoa itolewe siku 21 kabla. Siku hizo zinatosha kwenda hospitali na kurudi.

Wala sisemi kipimo kiwe mnajimu mpya wa kuvunja posa. Wawili wenye kinasaba wakipendana na wakaamua kuoana wakijua, mtoto wao atapimwa mapema, ataanzishiwa penisilini kabla hajaugua, atafuatiliwa kliniki, na wapo wenye selimundu leo ambao ni walimu, ni mafundi, ni mama wa watoto. Kinachoua ni kutojua, na kupelekwa kwa mtu wa nyota wakati mtoto anahitaji kuongezewa damu.

Sasa ombi langu kwako. Ukurasa wa nyota sikuombi uuondoe. Nakuomba uondoe lile jedwali ulilolianzisha la nani anamfaa nani na nani hamfai nani, kwa sababu msomaji wa nyota ya wiki anahatarisha wiki yake tu, lakini jedwali lile linahatarisha mtu wa pili ambaye hata gazeti hakununua. Nafasi itakayobaki mpe mtaalamu wa damu aeleze, kwa Kiswahili chepesi, kipimo cha selimundu kinafanywaje, hospitali zipi kinapatikana na kinagharimu kiasi gani, maana hilo la gharama ndilo la kwanza nitakaloulizwa mlangoni kwangu kesho.

Kwa wazazi wa kijana yule, ambao najua mnasoma gazeti hili: nusu ya mahari imerudishwa, nanyi mmeipokea. Binti bado hajaposwa na mwingine. Kijana wenu nimemwona mara mbili anapita barabara yetu bila ya kuwa na shughuli huku. Mshenga yupo, na mlango wa ukumbi ule haujafungwa.

Mkunga mstaafu,
Ngamiani, Tanga